Huu Wimbo ni wa Nani? Historia ya Watunzi wa Injili Waliofutwa Majina, Kutoka Utemini Mpaka Ujerumani

Wadau wangu, ubuyu wa leo ni wa tofauti kidogo. Tumezoea hapa kuficha majina ya mastaa ili tusije tukaitwa polisi. Leo naongelea watu ambao majina yao yalifichwa na wengine, tena kanisani, na hakuna aliyepiga kelele.

Chukua Utemini, pale Singida mjini. Kama hupajui, ni kata ndani ya Manispaa ya Singida, mji wa alizeti, kuku wa kienyeji na upepo usiochoka, wenye maziwa mawili, Singidani na Kindai. Jumapili asubuhi ukipita tu barabarani utasikia spika za makanisa zikigombania hewa: huku pambio na makofi, kule kwaya ya sauti nne, mbele kidogo kijana na kinanda chake, biti inakaribia kabisa singeli. Nyimbo zenyewe mtaa mzima unazijua. Sasa muulize yeyote anayetoka ibadani swali moja jepesi: ule wimbo wa tatu, ule uliowainua watu kwenye viti, nani kautunga?

Majibu yanajulikana. "Ni wimbo wa zamani." "Ni wa kanisa." "Tumeutoa YouTube." Wengine watakushangaa kama vile umeuliza nani kautunga upepo wa Singida.

Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza cha ukweli kwenye muziki wa Injili. Tukisikia "mwimbaji wa Injili asiye mkweli", akili inakimbilia michepuko, pombe, gari la kukodi kwenye video. Hayo tuyaache leo. Kuna uongo mwingine wa kimyakimya: kusimama madhabahuni na kazi ya mtu mwingine huku jina lake umeshalifuta. Huo hauna klipu ya kuvuja, lakini una historia ndefu. Shuka nayo.

MWALIMU WA KWAYA ALIYEZIKWA BILA JINA KAMILI

Tuanze na wimbo ambao kila mwanafunzi wa Utemini anaujua kabla hajashika jedwali la kuzidisha: wimbo wa taifa. Wengi wanadhani ulizaliwa kwenye siasa. Kumbe tuni yake ilizaliwa kwenye shule ya misheni. Mwaka 1897, mwalimu mmoja wa shule ya misheni ya Kimethodisti huko Johannesburg, Afrika Kusini, aliitunga kwa ajili ya kwaya ya wanafunzi wake. Aliitwa Enoch Sontonga. Wimbo wake ulikuwa sala, ombi kwa Mungu aibariki Afrika.

Sontonga alifariki mwaka 1905, kijana wa miaka thelathini na kitu. Wimbo ukaendelea na safari bila yeye. Mwaka 1912 uliimbwa kwenye mkutano ulioanzisha chama ambacho leo tunakiita ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje akaurekodi London. Mwaka 1927 mshairi S.E.K. Mqhayi akachapisha beti alizouongezea. Mwaka 1961 Tanganyika ikaingia kwenye uhuru na tuni hiyohiyo, na Zambia ikafuata mwaka 1964 kwa maneno yake. Yaani nchi nzima nzima zinasimama wima kwa kazi ya mwalimu wa kwaya.

Na yeye mwenyewe? Inasimuliwa kwamba mjane wake aliziuza haki za wimbo ule kwa senti chache tu. Kaburi lake halikujulikana lilipo kwa miaka mingi. Watafiti walipolisaka miaka ya 1990 kwenye makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, ikaonekana sababu mojawapo ya kupotea: kwenye kumbukumbu za makaburi aliandikwa "Enoch" basi, bila jina la ukoo. Tarehe 24 Septemba 1996, enzi za Rais Nelson Mandela, kaburi lile likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Miaka 91 baada ya kuzikwa.

Huyo angalau alitafutwa. Wengi hawatafutwi.

ALIYEUVIKA WIMBO KISWAHILI

Sogea kwenye kabati la bibi yako. Kuna kitabu kidogo, jalada limechakaa, kimefungwa na raba: Tenzi za Rohoni. Humo kuna "Ni Salama Rohoni Mwangu", wimbo ambao ukianzishwa msibani hata wasioamini wananyamaza.

Maneno yake ya Kiingereza yaliandikwa na mwanasheria wa Chicago, Horatio Spafford. Mwezi Novemba 1873 mabinti zake wanne walikufa maji baharini, kwenye Atlantiki, meli yao iitwayo Ville du Havre ilipogongana na meli nyingine. Mke wake alipona. Spafford akaandika wimbo wa amani akiwa ndani ya msiba huo. Tuni ilitoka kwa Philip Bliss, mwaka 1876, na wanamuziki wameipa tuni hiyo jina la meli ile ile. Ukijua hayo, huwezi tena kuimba ule ubeti wa kwanza huku unachati.

Lakini kwenye nakala nyingi za Tenzi tulizozizoea hutakuta Spafford, hutakuta Bliss. Na kuna mtu wa tatu ambaye ndiye anayenisumbua zaidi: aliyeuvika wimbo ule Kiswahili. Watu wanachukulia poa kazi ya mfasiri wa nyimbo. Hebu jaribu wewe. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja, na mstari wa wimbo unaweza kuishia kwenye pigo zito. Kiswahili kinataka silabi tatu, nne, na mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ukikosea, neno linavutwa pabaya na kanisa zima linaimba kama wageni wa lugha yao wenyewe. Aliyefanikiwa kuliweka neno la Kiswahili likae juu ya tuni ya Kimarekani mpaka likasikika kama limezaliwa Mkwajuni, huyo ni msanii. Jina lake lilistahili mstari mmoja tu chini ya wimbo.

KUKOPA SIYO DHAMBI

Hapa ndipo mabishano huwa yanaanza. Akitokea kijana wa Injili akatumia biti inayofanana na Bongo Fleva, wazee wanakuja juu: ameleta dunia kanisani! Kijana naye anajibu kwamba Luther alichukua nyimbo za baa. Wote wawili wakae chini.

Hiyo ya Luther na nyimbo za baa ni stori ya vijiweni. Kinachojulikana ni hiki: mwaka 1535 Martin Luther alitoa wimbo wa Krismasi ukiwa na tuni ya wimbo wa mafumbo wa mtaani, aina ya mchezo wa kuuliza na kujibu ambao kila mtu aliujua. Mwaka 1539 wimbo huohuo ukachapishwa na tuni nyingine mpya, ndiyo inayoimbwa mpaka leo. Alikopa mchana kweupe, kwa watu waliojua alikokopa.

Na kuna mkopo mkubwa zaidi. Mwaka 1601 Mjerumani Hans Leo Hassler alichapisha wimbo wa mapenzi, wa mtu aliyechanganyikiwa na msichana. Mapenzi kabisa, ya kukosa usingizi. Mwaka 1656 tuni hiyo ikapewa maneno ya Paul Gerhardt kuhusu kichwa cha Yesu kilichojaa damu na vidonda. Johann Sebastian Bach akaitumia tena na tena kwenye kazi yake kubwa ya Mateso kwa mujibu wa Mathayo, iliyoimbwa mara ya kwanza mwaka 1727. Leo tuni ile ya mapenzi ndiyo tuni ya Ijumaa Kuu duniani kote.

Kwa hiyo kukopa hakujawahi kuwa shida. Wakristo wamekopa tuni karne na karne. Swali ni kama unasema ulikokopa. Na hapo Ujerumani na Tanzania wanakutana ndani ya kitabu kimoja.

KITABU KIMOJA, TUNI MBILI

Ili tufike kwenye kitabu hicho tupitie kwanza nyumbani, mwaka 1963. Neno Utemini limebeba utemi, yaani utawala wa watemi, na mwaka huo ndio utawala wa machifu ulifutwa kisheria Tanganyika. Mwaka huohuo Singida ikawa mkoa. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri, likiwemo lile la Tanganyika ya Kati ambalo makao yake ni Singida, yaliungana kuwa KKKT. Mwezi Februari Radio Sauti ya Injili ilikuwa imeshaanza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vikaandaliwa studio ya Moshi. Huko Roma, Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati ya liturujia iliyosema wazi kwamba mila za muziki za watu wa nchi za misheni zipewe heshima na nafasi yake. Na padri Mtanzania Stephen Mbunga akachapisha kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka mmoja, yote hayo.

Ukiyaweka pamoja unaona kitu. Kwa miongo kadhaa waumini walikuwa wameambiwa ngoma zao ni za kishenzi na tuni za Ulaya ndizo takatifu. Sasa mlango umefunguliwa: leteni zenu. Basi nyimbo zikaanza kumiminika. Je, na majina ya wenye nyimbo yaliingia mlango huohuo?

Mtu mmoja anayeunganisha Singida na stori hii ni Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani aliyefika Tanganyika mwaka 1946. Wamisionari wa kanisa lake, Augustana, walikuwa wameanza kazi Singida na Iramba tangu miaka ya 1920. Olson alikisoma Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi, kwa undani mpaka tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1964 kule Hartford, Marekani, ikawa ni kuhusu sauti na maumbo ya lugha hiyo. Fikiria: mzungu anapewa udaktari kwa lugha ambayo vijana wengi wa Utemini leo wanaisikia tu kwa bibi. Baadaye alifundisha chuo cha theolojia Makumira, karibu na Arusha, na huko akawa anawahimiza wanafunzi walete tuni za kwao na kuzitungia maneno ya ibada. Akazitafsiri kwa Kiingereza na kuzitoa kwenye vitabu vilivyozunguka dunia.

Mwanafunzi mmoja wa Makumira aliitwa Bernard Kyamanywa. Mwaka 1966 aliandika wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya". Kama ni Mlutheri umeshauimba, usibishe. Wimbo ule ulitoka Makumira ukavuka bahari. Olson akautafsiri kwa Kiingereza. Mwaka 1969 Ulrich Leupold akaufanyia maneno ya Kijerumani. Leo uko kwenye kitabu rasmi cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116, na kila Pasaka Wajerumani wanauimba kwa furaha zote.

Sasa fungua kitabu hicho cha Kijerumani. Namba 85 ni ule wimbo wa Ijumaa Kuu. Chini yake, kwenye sehemu ya tuni, kumeandikwa: Hans Leo Hassler, 1601. Yaani mtunzi wa wimbo wa mapenzi wa zaidi ya miaka 400 iliyopita ana jina lake na mwaka wake. Geuza kurasa mpaka namba 116. Maneno: Leupold, kutokana na wimbo wa Kiswahili wa Bernard Kyamanywa, 1966. Safi, Kyamanywa ametajwa. Tuni? "Kutoka Tanzania."

Kutoka Tanzania! Nchi yenye makabila zaidi ya 120. Ni sawa na kwenye tuni ya Hassler kuandikwa "kutoka Ulaya".

Nisieleweke vibaya. Walioandika kile kitabu hawakuiba kitu. Walitaja walichokuwa nacho, na kumtaja Kyamanywa ni uungwana ambao makanisa yetu wenyewe mara nyingi hayaufanyi. Tena tuni ya kienyeji inaweza kuwa imepita midomo ya vizazi vitano mpaka haina mtu mmoja wa kumtaja. Lakini ona tofauti ya mizani. Hassler aliandika kwenye karatasi, na karatasi ikalinda jina lake. Mama fulani wa Kihaya, au wa Kinyaturu, aliyeokota tuni akitwanga au akibembeleza mtoto, karatasi haikumpitia. Alipokuja mtu mwenye kalamu, jina la mama likawa kabila, na kabila likawa nchi.

DAFTARI LA MWALIMU

Tusiwanyooshee vidole wazungu peke yao, maana baada ya hapo kalamu tulishika sisi.

Miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa zama za kwaya. Kila usharika, kila parokia, kila kijiji. Mwalimu wa kwaya alikuwa na kaunta buku lake, ameandika nyimbo kwa herufi za d, r, m, ule mtindo wa solfa uliosambazwa na John Curwen wa Uingereza karne ya 19 na kuletwa na wamisionari. Usiku anatunga kwa taa ya kandili, jioni inayofuata anafundisha sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, mmoja mmoja, mpaka wanaosahau wanakumbuka. Kwaya ikipata bahati inarekodi Radio Tanzania, wimbo unapigwa nchi nzima, baadaye inatoka kaseti.

Jalada la kaseti lilikuwa na nini? Picha ya wanakwaya wamevaa sare, jina la kwaya, jina la kanisa, orodha ya nyimbo. Mwalimu yuko pembeni kwenye picha, wa tatu kutoka kulia. Jina lake mara nyingi halipo. Alipohama, au alipokufa, wimbo ukabaki "wa kwaya fulani". Kwaya ilipovunjika, ukawa "wimbo wa zamani". Na wimbo wa zamani, kwa akili ya mtaani, ni kama embe la porini. Anayepita anachuma.

Ndipo tunafika leo. Mwimbaji mmoja, simtaji na wala sina mtu maalum kichwani, maana hii inaweza kufanywa na yeyote mwenye bando, anachukua wimbo wa kwaya wa miaka ya 1980. Anaweka gitaa jipya, anabadilisha ubeti wa pili, anaupandisha kwenye chaneli yake. Pale pa mtunzi anaandika jina lake, au anapaacha wazi. Anausajili kwa kampuni ya kusambaza muziki. Mifumo ya kompyuta ya mitandao hii inafananisha sauti na faili zilizosajiliwa; kichwa cha aliyetunga haikioni. Faili la kwanza kufika ndilo linalotambulika. Siku wazee wa ile kwaya wakipata mjukuu wa kuwawekea kaseti yao mtandaoni, wao wenyewe wanaweza kuambiwa wanatumia mali ya mtu.

Wimbo walioutunga kwa taa ya kandili. Unasikia uchungu?

"LAKINI WIMBO NI WA MUNGU"

Kuna hoja moja lazima niiheshimu, kwa sababu inatoka kwa watu wema. Wanasema: muziki wa Injili hauna mwenyewe. Roho ndiye anayetoa wimbo, mtu ni bomba tu. Ukianza kudai jina, umeleta kiburi madhabahuni. Na kweli kuna watunzi waliokataa kabisa kuandikwa, wakisema sifa zote kwa Mungu.

Sawa. Lakini basi tufungue kitabu cha nyimbo cha zamani kuliko vyote walichonacho Wakristo. Zaburi. Soma vichwa vidogo vya juu, vile tunavyovirukaga. Zaburi ya Daudi: 73 zina jina lake. Za Asafu 12. Za wana wa Kora 11, na hilo ni kundi, yaani kwaya imepewa haki yake kama kwaya. Zaburi ya 90 imeandikwa kwa jina la Musa. Nyingine zina maelekezo kwa mwimbishaji, mwalimu wa kwaya wa enzi hizo. Zaburi ya 22 ina maneno yenye maana ya kulungu wa alfajiri, na wasomi wengi wanaona ni jina la tuni iliyojulikana wakati ule. Zipo pia Zaburi nyingi zisizo na jina.

Kwa hiyo Waebrania wa kale, bila intaneti, waliona inawezekana kumpa Mungu sifa na kumtaja Asafu kwenye ukurasa mmoja. Bach naye alifanya hivyohivyo. Mwisho wa kazi zake nyingi aliandika herufi tatu za Kilatini, SDG, maana yake utukufu ni kwa Mungu peke yake. Na jina lake akaliweka pia.

Unyenyekevu ni kulifuta jina lako mwenyewe. Ukifuta la mwenzio, huo ni wizi uliovaa joho. Mtunzi akisema "msiniandike", huo ni uamuzi wake, na umsifu kwa hilo. Lakini wewe uliyekuja miaka arobaini baadaye huna mamlaka ya kuwa mnyenyekevu kwa niaba yake, halafu pesa za chaneli zikaingia kwenye namba yako ya simu.

SHERIA INASEMAJE

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ndiyo iliyozaa COSOTA. Wengi wanaijua kwa jina tu, kwa hiyo chukua mambo matatu.

Moja, hakimiliki inaanza pale kazi inapotungwa. Mwalimu wa kwaya hakuhitaji cheti ili wimbo uwe wake. Usajili unasaidia kwenye ushahidi, lakini haki ilishazaliwa kwenye lile kaunta buku.

Mbili, sheria hiyo iliweka muda wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu. Mwalimu aliyetunga mwaka 1982 na kufariki mwaka 2000, haki za wimbo wake ziko hai mpaka mwaka 2050. Zinakwenda kwa warithi wake. Huo "wimbo wa zamani" una watoto na wajukuu, pengine mmoja wao anaendesha bodaboda hapo Utemini na hajui.

Tatu, zipo haki za pesa na ipo haki ya kutajwa. Hata kama hujatengeneza shilingi, mtunzi ana haki jina lake liwe kwenye kazi yake. Na kwa nyimbo za asili zisizo na mtu mmoja, sheria hiyohiyo ina sehemu ya sanaa za jadi, na msingi wake ni uleule: taja chanzo, sema ni ya jamii ipi, ya wapi.

Lakini hata sheria ingekuwa haipo, mimi naona wimbo wa Injili una mzigo wa ziada. Msanii wa Bongo Fleva akiiba biti, ameiba biti. Mwimbaji wa Injili anasimama na kutuambia "huu wimbo Mungu alinipa usiku wa manane". Kama wimbo ulitoka kwa mwalimu wa Singida mwaka 1982, hapo ameiba wimbo, na juu yake ametoa ushuhuda wa uongo kwa jina la Mungu mbele ya watu wanaolia kwa kuamini. Sauti inaweza kuwa nzuri, machozi yanaweza kuwa ya kweli, na bado ule ushuhuda ukawa feki.

TUFANYEJE SASA

Habari njema ni kwamba marekebisho yake hayana gharama. Kama wewe ni mwimbaji, kabla hujaingia studio na wimbo wa zamani, uliza. Anza na mzee wa kwaya, halafu katibu wa usharika, halafu kwaya yenyewe. Ukimpata mtunzi au familia yake, ombeni ruhusa na mkubaliane kwa maandishi. Usipompata, andika ukweli: "Wimbo wa kwaya fulani, uliorekodiwa mwaka fulani." Kama ni pambio lisilo na mwenyewe, andika ni pambio. Kama ni tuni ya Kinyaturu, andika Kinyaturu, usiishie "traditional" wala "Tanzania". Ulichoongeza wewe, gitaa, ubeti mpya, mpangilio wa sauti, kiandike kwa jina lako bila aibu, maana na hiyo ni kazi.

Kama ni mwanakwaya, simu yako ina kamera. Yale makaunta buku bado yapo, mengine yameliwa na panya, mengine yanafungia maandazi. Piga picha kila ukurasa, na juu ya kila wimbo andika nani, lini, wapi. Nusu saa ya kazi, unaokoa maisha ya mtu mzima.

Na kama wewe ni msikilizaji tu, una silaha kubwa kuliko wote. Ukiona kava kali ya wimbo wa zamani, kabla ya kuweka moto na mikono ya maombi, uliza swali moja kwa upole: huu wimbo ni wa nani? Mwenye nia njema atajibu na kushukuru. Mwenye nia mbaya atakuzuia. Majibu yote mawili ni ubuyu.

Sontonga alisubiri miaka 91 mtu aje kuunganisha "Enoch" na wimbo wa taifa zima. Walimu wa kwaya wa Singida baadhi yao bado wako hai, wanaitika ukiwaita. Nenda kabla hawajawa "wa zamani". Ukirudi na jina, lilete hapa. Siku hiyo nitaliandika kwa herufi kubwa.